Mama Mapokezi na Ubao wa Wasikivu

Jumanne ya tarehe thelathini mwezi huu, Mama Mapokezi atakabidhi funguo za meza yake baada ya kuitumikia Nyumba ya Vijana kwa miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na moja. Hesabu hii si ya kubahatisha. Imetoka kwenye jalada lake la utumishi, ambamo mna barua ya ajira, picha ndogo ya mwanamke mwembamba mwenye nywele nyingi, na onyo moja la maandishi. Onyo hilo tutalieleza hapa mbele, kwa sababu yeye mwenyewe ametuomba tusilifiche.

Kwa wageni watakaousoma wasifu huu wakiwa wamekaa kwenye viti vya plastiki wakisubiri hotuba, tuseme kwanza kwamba Nyumba yetu hupokea vijana wa miaka kumi na minne hadi ishirini na mmoja ambao hawana pa kukaa, au wana pa kukaa lakini hapakaliki. Jengo lenyewe lilikuwa kiwanda cha vifungo vya nguo. Madirisha yake ni marefu kupita kiasi, na alasiri jua huingia kwa mshazari, likatandika sakafu ya mbao rangi ya asali. Sakafu ikipigwa deki, vifungo hupanda juu kutoka kwenye nyufa, kimoja leo, viwili kesho, vyeupe na vyenye kung'aa, kana kwamba nyumba imelala na inaota kazi yake ya zamani. Watoto wapya huviokota na kuvitia mfukoni. Hakuna aliyewahi kuwakataza.

Mama Mapokezi aliingia humu kama mpiga chapa wa muda, kwa miezi mitatu, kumshikia nafasi mwenzake aliyekwenda kujifungua. Mwenzake huyo sasa ana wajukuu. Mama hakuambiwa aondoke, naye hakuuliza.

Walipompeleka kwenye meza ya mapokezi, jambo la kwanza alilofanya ni kukihamisha kiti cha mgeni. Hakukitaka mbele ya meza, mahali pa mtuhumiwa. Alikiweka ubavuni pake, hata kijana akiketi wote wawili wawe wanautazama mlango pamoja, kama watu wanaosubiri gari moja. Swali lake la kwanza lilikuwa hilohilo miaka yote: "Mwanangu, utapenda kitanda cha dirishani au cha ukutani?" Wengine walijibu dirishani, wengine ukutani, mmoja alijibu kwamba anataka cha juu ya paa. Lakini wengi walisema, "Popote tu, Mama." Jibu hilo alikuwa akiliandika kwenye pembe ya fomu kwa penseli. Kwa miaka mingi hakujua kwa nini analiandika.

Si kwamba hana kasoro. Mama ana tabia ya kufunga kila mlango anaoupita. Katika mwaka wake wa saba kazini aliufungia ujumbe mzima wa wakaguzi kutoka makao makuu ndani ya stoo ya mablanketi, akaenda zake kunywa chai. Walikaa humo dakika arobaini. Babu wa Geti, mlinzi wetu, ndiye aliyesikia ngumi mlangoni, akadhani ni panya wakubwa. Mwezi uliofuata tuliletewa mablanketi mapya mia mbili, kwa kuwa wakaguzi walipata nafasi nzuri ya kuyachunguza yale ya zamani. Mama hadi leo anasema hakukusudia. Hakuna anayemwamini.

Anaimba vibaya, na anaimba kila siku. Miwani yake huitafuta ikiwa shingoni. Na ni yeye, kwa miguu yake na kwa ubishi wake kwenye foleni za ofisi za watu, aliyewapatia vyeti vya kuzaliwa vijana mia nne na kumi na wawili, wengine wakiwa na ndevu tayari. Chumba cha ushonaji ni jasho lake. Chumba cha kufulia, chenye mvuke wake mweupe ambamo watu huongea kwa sauti ya chini bila kuambiwa, nacho ni jasho lake.

Sasa tufike kwenye ubao.

Katika mwaka wake wa kumi na tisa alikuja mtafiti kutoka chuo kikuu, kijana mpole mwenye mkoba mzito, akiwa na dodoso la maswali arobaini. Alitaka kujua ni vijana wa tabia gani wanaonaswa kwa urahisi na watu wabaya: wale wanaowatumikisha bila hiari, wanaowauza, wanaowafanya kitega uchumi. Dodoso lake lilipima mambo matano. Kupenda mambo mapya. Umakini. Uchangamfu mbele za watu. Wasiwasi. Na la tano aliliita ukubalifu, yaani wepesi wa kukubaliana na mwenzako, kumwamini na kutotaka kumuudhi.

Mama alilipenda dodoso lile kama mtu aliyepewa darubini. Alikaa na vijana mmoja mmoja kwenye kiti cha ubavuni, akauliza, akaandika. Mtafiti aliondoka na nakala zake, akaahidi kurudi na majibu. Mama hakuyasubiri. Alichokiona yeye kwa macho ya haraka ni kwamba wenye ukubalifu mwingi ndio waliokuwa raha ya nyumba. Hawapigani. Hawavunji vikombe. Hawamjibu Mpishi. Akasema, mbona hawa hatuwasifu?

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa Ubao wa Wasikivu. Ulikuwa wa mbao, umevikwa kitambaa cha kijani, ukatundikwa ukumbini mkabala na benchi la wageni. Kila mwezi zilibandikwa picha tatu za vijana wasikivu kuliko wenzao, na chini ya kila picha maneno machache. "Hajawahi kubisha." "Hana makuu." "Huridhika na chochote." Maneno hayo yaliandikwa na mtunza majalada, ambaye ndiye anayeandika wasifu huu, kwa mwandiko uliokuwa mzuri kuliko akili yake ya wakati ule. Tuliuonea fahari sote. Wageni wakiusoma walitikisa kichwa kwa furaha na kusema kumbe vijana wa siku hizi bado wana adabu.

Aliyekaa juu ya ubao ule kwa miezi minne mfululizo ni msichana tuliyemwita Sawa. Alifika akiwa na miaka kumi na mitano, na jina hilo alijipatia mwenyewe, kwa kuwa ndilo neno pekee tulilomsikia nalo wiki nzima ya kwanza. Nenda kafue. Sawa. Hapana, kwanza kapige deki. Sawa. Wenzake walimrundikia nguo zao, akazifua. Siku moja Mpishi alimwambia kwa utani akazihesabu punje za mchele kwenye debe. Alipogeuka baada ya nusu saa alimkuta amefika mia sita na kumi.

"We mtoto! Nilikuwa nakutania!"

"Sawa, Mpishi. Niache au niendelee?"

Tulicheka sana. Leo tukikumbuka, kicheko kile hakishuki vizuri kooni. Aliyewahi kufika mahali bila cheti wala ndugu anaijua hali ya Sawa. Unashukuru kwa kila mlango unaofunguliwa, na huulizi unakupeleka wapi, kwa kuogopa wenye mlango wasije wakabadili nia. Hali hiyo huweza kukaa ndani ya mtu miaka mingi baada ya kupata kitanda.

Wakati huo tulikuwa na rafiki wa Nyumba tuliyemwita Mfadhili wa Viatu. Alikuwa bwana wa makamo, mwenye sauti ya taratibu na kucha safi. Alileta viatu, na si viatu vya kubahatisha: aliulizia vipimo kwanza, kila kijana akapata vya mguu wake. Alikaa kwenye benchi la wageni, akapokea kikombe cha chai, na hakuwahi kukimaliza. Katika miaka miwili alikuwa amewatafutia kazi vijana wetu watatu katika miji ya mbali, wavulana wawili na msichana mmoja, na kwa kila mmoja tulipokea barua ya shukrani. Sasa alimtaka Sawa, akalee watoto nyumbani kwa dada yake na jioni asome. Sawa angetimiza miaka kumi na minane siku ya Alhamisi. Gari lingemfuata Ijumaa, saa kumi alasiri. Mama Mapokezi alikwisha kumwandikia barua ya kumpendekeza, ukurasa mzima, pande zote mbili.

Jumatatu ya wiki hiyo, Babu wa Geti aliingia kuchukua chai yake, akasimama mbele ya meza akikoroga, anavyofanya mtu mwenye neno.

"Mama, hivi yule bwana wa viatu, mbona hamsalimii mtu kabla hajausoma ubao?"

"Anapenda kusoma, Babu."

"Hapana, Mama. Anausoma kama mtu mwenye njaa anayechagua chakula hotelini."

Mama alicheka. Babu alitoka. Kisha chai ya Mama ikapoa mbele yake bila kuguswa, na tuliokuwa karibu tuliona uso wake ukigeuka taratibu, kama maji yanavyobadilika rangi wingu likipita. Aliinuka, akaja chumba cha majalada, akaomba majalada matatu.

Tuliyaweka juu ya meza, chini ya dirisha. Vijana wote watatu walikuwa wamekaa kwenye ubao. Fomu za wote watatu, kwenye pembe, kwa penseli yake mwenyewe, zilisema: "Popote tu." Tukafungua barua za shukrani. Miandiko ilikuwa tofauti, lakini kila moja ilikuwa na sentensi ileile, neno kwa neno: "Niko salama na nina shughuli nyingi, msijisumbue kunijibu." Ndipo Mama akayakumbuka maswali ya yule bwana kuhusu Sawa. Aliuliza kama ana wageni wanaomtembelea. Aliuliza kama hugombana. Aliuliza kama kuna mtu anayempigia simu. Hakuuliza hata siku moja anajua kufanya nini.

Mama aliyafunga majalada moja moja. Vumbi lilielea kwenye mwale wa jua, likipanda na kushuka bila haraka, na kwa mbali mashine za kushonea zilikuwa zikivuma kama nyuki. Mwishowe alisema neno ambalo mtunza majalada hajalisahau.

"Tumempangia duka."

Alasiri hiyohiyo alikwenda polisi. Afisa alimsikiliza kwa heshima, akaandika, akasema barua zinazofanana si kosa la jinai na binti wa miaka kumi na minane ni mtu mzima. Mkurugenzi alimpiga marufuku yule bwana kuingia ndani. Lakini barabara ya mbele ya geti si yetu, na mtu mzima hafungiwi.

Basi Mama akamwita Sawa kwenye kiti cha ubavuni.

"Mwanangu, usiende na yule mtu. Si mtu mwema."

"Sawa, Mama."

Mama anasema alipumua kwa muda wa kutoka kitini hadi mlangoni tu. Hapo akageuka.

"Na Ijumaa akija akakwambia twende?"

Sawa alifikiri kwa uaminifu, kama anavyofikiri mwanafunzi aliyeulizwa hesabu.

"Nitamwambia sawa. Si ametununulia viatu, Mama?"

Hapo ndipo Mama alipouona ukubwa wa jambo. "Sawa" tuliyokuwa tukiipokea na kuitundika ukutani haikuwa na uzito wowote, kwa kuwa yeyote angeipata, na wa mwisho kuuliza ndiye angeondoka nayo. Kumwamuru abaki kulikuwa ni kuichukua tena ileile. Binti alihitaji neno lingine, na zilibaki siku nne.

Jumanne Mama alimpeleka chumba cha kufulia, wakaketi kwenye mvuke kati ya mashuka, akaanza kumwomba mambo ya kipuuzi. Vaa hili beseni kichwani. Simama kwa mguu mmoja. Nipe chakula chako cha mchana. Kila ombi lilikuwa la kukataliwa. Sawa alivaa beseni. Alisimama kwa mguu mmoja mpaka Mama mwenyewe akachoka kumtazama. Chakula cha mchana alikileta kwenye sahani iliyofunikwa.

Jumatano aliingizwa Mpishi katika njama. Alimtilia Sawa chai yenye chumvi badala ya sukari, vijiko vitatu, akasimama nyuma ya mlango kusubiri walau akunje uso. Mpishi alitoka machozi yakimlengalenga.

"Kamaliza kikombe, Mama. Kizima! Na ameniambia asante. Mimi nimeonja, nimetema."

Siku hiyohiyo Mama alimwonyesha yale majalada matatu, akamweleza kila kitu bila kupunguza. Akamwambia, "Mimi ndiye niliyekuweka ukutani. Nilikosea." Sawa alimpapasa mkono, akasema si kitu.

Alhamisi ilikuwa siku ya kuzaliwa kwake. Hakukuwa na darasa wala hila. Mama alikuwa amechoka. Alichukua ngazi, akauteremsha ubao, akaulaza sakafuni ukumbini, na kwa kuwa Sawa alikuwa akipita, akamwomba amsaidie kung'oa pini. Waliketi chini wawili, katika lile jua la rangi ya asali, pini zikilia kwenye kopo. Picha zilizong'olewa Mama alizichana vipande vinne vinne, zisije zikasomwa tena na mtu yeyote. Alichana ya kwanza. Alichana ya pili. Akaichukua ya Sawa.

"Hapana."

Neno lilitoka dogo sana, hata Mama alidhani ni mlango wa jikoni.

"Umesemaje?"

"Hapana, Mama. Usichane." Mkono wake ulikuwa tayari juu ya picha. "Hiyo ni yangu. Sina picha nyingine. Sijawahi kupigwa picha kabla ya hapo."

Mama alitamani kumkumbatia lakini alijizuia, maana aliona kwamba kumpongeza kungeligeuza neno lile kuwa utii mwingine. Alifanya ukaidi.

"Lakini mimi nimeamua nizichane zote."

Sawa akaishika picha kwa mikono miwili.

"Basi chana za wengine. Hii hapana."

"Haya," alisema Mama. "Umenishinda." Wakaendelea kung'oa pini.

Ijumaa saa kumi gari lilifika. Mama alikaa kitini pake, mikono juu ya meza, akiwa ameapa hatasema kitu. Tulijibanza madirishani bila aibu, Mkurugenzi akiwa wa kwanza. Tuliona Sawa akivuka ua polepole, akiwa amevaa viatu vipya. Yaliyosemwa getini tunayajua kwa Babu, aliyekuwa akijifanya anafagia.

Yule bwana alimfungulia mlango wa gari, akazungumza kwa ile sauti yake ya taratibu. Watoto wanakungojea. Chumba chako kimeshapakwa rangi. Hapo, kwa maneno ya Babu mwenyewe, "fagio lilinisimama."

"Siendi."

"Kwa nini, binti yangu? Wamekwambia nini humo ndani?"

"Sijui kwa nini. Lakini siendi."

"Baada ya yote niliyokufanyia? Viatu hivyo kakupa nani?"

Sawa alivitazama viatu vyake. Aliinama, akafungua kamba moja, akafungua ya pili, akavipanga juu ya boneti ya gari, ncha zikimwelekea aliyevileta. Kisha akarudi ndani pekupeku juu ya changarawe, akikanyaga kwa uangalifu. Babu aliacha kufagia, akaiandika namba ya gari kwenye kiganja chake.

Kwa namba hiyo polisi walipata pa kuanzia. Ndani ya miezi mitano yule bwana alikuwa mahabusu, na baadaye alihukumiwa yeye na wenzake wawili. Kati ya vijana wetu watatu, mvulana mmoja alipatikana kwenye tanuri la matofali, na msichana alipatikana katika nyumba ambayo mlango wake ulikuwa ukifungwa kwa nje. Walirudi kwetu, na hawakurudi kama walivyoondoka. Wa tatu, mvulana mwembamba aliyependa kupiga mluzi, hatujampata hadi leo. Kila mwezi, kwa miaka kumi na minne sasa, Mama ameandika barua kwa ofisi moja au nyingine kumuulizia. Jalada lake halijafungwa. Mama amemfundisha anayepokea nafasi yake jinsi ya kuandika barua hizo, amempa orodha ya ofisi zilizojibu na zisizojibu, na ameahidi kuja kukagua.

Ndipo tunapofika kwenye lile onyo. Baada ya kesi, Mama alikwenda kwa Mkurugenzi akaomba aonywe kwa maandishi. Mkurugenzi alikataa. "Nikuonye kwa lipi, na wewe ndiye uliyegundua?" Mama alirudi mezani pake, akaliandika mwenyewe kwa mashine yake ya zamani, akalitia saini sehemu ya mtumishi, na sehemu ya mwajiri akamwekea Mkurugenzi kalamu mkononi. Ni sentensi moja: "Mtumishi huyu aliwasifu watoto kwa kunyamaza." Liko humo jaladani.

Mtafiti wetu alirudi mwaka uliofuata na majibu yake, akakuta Mama ameshayafikia mwenyewe. Walikaa siku mbili wakilinganisha. Mama ndiye aliyempa maneno ambayo sasa yamo kwenye mwongozo unaotumika katika nyumba nyingi kama yetu. Alisema hakuna tabia moja inayomponza kijana. Mwenye kupenda mambo mapya huchukuliwa na ahadi ya safari. Mwenye wasiwasi huchukuliwa na ahadi ya utulivu. Mchangamfu huchukuliwa kwa sifa. Mkubalifu huchukuliwa na yeyote. Na aliyekaa muda mrefu bila mtu wake huchukuliwa kwa kuitwa jina tu. Lakini tabia si kosa, alisisitiza, na upole si ugonjwa. Mwenye kosa ni yule anayekuja na kamba iliyokatwa kwa kipimo cha mguu wa mtoto.

Kisha alipambana na wakubwa. Waliposikia habari za dodoso, walitaka kila kijana apewe alama na orodha ya walio rahisi kunaswa isambazwe ofisi zote, kwa nia njema kabisa. Mama alisimama katika mkutano huo, yeye ambaye hapendi mikutano, akawauliza: "Na orodha hiyo ikimfikia mtu mwingine mwenye viatu?" Orodha haikuandikwa. Dodoso hujazwa, husomwa na mtu mmoja, hufungiwa kwenye droo. Hapo ndipo tabia yake ya kufunga kila kitu ilipopata kazi ya heshima.

Tangu mwaka huo tuna Jumatano ya chumvi. Chai ya asubuhi hutiwa chumvi siku yoyote ya mwezi ambayo Mpishi ataichagua, maadamu iwe Jumatano, na chai nzuri haitoki mpaka mtu alalamike. Mwanzoni ilichukua nusu saa, watu wakinywa wakitazamana. Siku hizi kelele huanza kabla birika halijatua. "Mpishi, umelogwa?" "Hii chai au maji ya kusukutulia?" Mpishi, mwenye majivuno yake, aliteseka sana. "Miaka ishirini napika," alimlalamikia Mama, "na leo napongezwa kwa kutukanwa!" Baadaye aliizoea. Sasa huwa anajibu matusi kwa matusi, na vijana wapya husimama mlangoni wakishangaa nyumba ambayo watu wazima hubishiwa na hakuna anayepigwa.

Kamati ya sherehe ilipoanza kuandaa siku hii, jina la kwanza tuliloliandika kwenye orodha ya wasemaji lilikuwa la Sawa. Sasa ni fundi umeme, ana mtoto, na jina lile la utani hakuna anayemwita nalo kazini kwake. Tulimpigia simu. Tulimweleza ukubwa wa siku, wageni watakaokuwepo, na heshima tuliyomwekea ya kuzungumza mara tu baada ya Mkurugenzi.

"Hapana," alisema. "Jumanne niko zamu. Na kusimama mbele za watu sipendi. Mwambieni Mama nitakuja kumwona nyumbani kwake siku nitakayopata nafasi."

Mwanakamati mmoja aliudhika, akasema watu wengine hawana shukrani hata kidogo. Tulikwenda kumpa Mama habari tukiwa tumeinamisha vichwa, tukijua jinsi alivyomngoja. Alikuwa akipanga vitu vyake kwenye boksi, mwanga wa alasiri ukiwa mabegani pake. Alitusikiliza mpaka mwisho. Akaweka chini kitabu alichokishika.

"Alisema upesi, au alifikiri kwanza?"

"Upesi, Mama. Hata hatukuwa tumemaliza kuuliza."

Mama Mapokezi alicheka mpaka akatafuta kiti. Alicheka huku akifuta macho kwa ncha ya kitenge chake, akataka turudie neno kwa neno, tukarudia, akacheka tena. Kisha akamwita mwanakamati aliyeudhika, akamwambia asithubutu kumpigia simu mara ya pili kumbembeleza.

Mama, tunakushukuru kwa miaka uliyotupa, na zaidi kwa ule mmoja uliotufundisha kutazama kuta zetu wenyewe. Asubuhi zako sasa ziwe ndefu. Jua likukute kitandani bila kukudai kitu, wageni wako wawe wachache na wa kweli, na afya isikupungukie. Na tukikuita uje utusaidie hili na lile, kama tutakavyokuita, ujisikie huru kabisa kutukatalia.